Jicho la Mzungu wa Matonya

Enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Dodoma, Matonya wa Kizota alikuwa na ng'ombe jike mwenye uso mweupe na kope nyekundu. Alimwita Mzungu. Kiangazi kimoja jicho la ng'ombe huyo likaota kinyama, kikawa kinakua na kutoa usaha. Yudith, mke wa Matonya, akasema achinjwe kabla hajakonda. Matonya hakutaka hata kulisikia neno hilo. Akasikia kwamba daktari wa ng'ombe amefika bomani, akaenda.

Mlangoni alimkuta mkalimani Halfani, Mrangi wa Kondoa, akinywa kahawa.

"Mzungu wangu anaumwa jicho," Matonya alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni.

"Mzungu wako?"

"Wangu. Nilimpata kwa mahari ya dada yangu. Nimemfunga kamba, anajikuna sana."

Halfani akaweka kikombe chini. "Anakula?"

"Majani anakula. Lakini mke wangu anataka tumchinje kesho. Ngozi kamwahidi mama yake, alalie."

Punde Matonya alikuwa njiani kurudi Kizota, mikono imefungwa, askari nyuma yake, na Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, juu ya nyumbu, bastola mkononi. Daktari alifuata na mkoba. Matonya alifurahia msafara mkubwa namna ile. Kamba tu ndiyo hakuielewa.

"Yuko wapi?" Halfani alimfokea Yudith walipofika.

"Nani?"

"Mzungu!"

Yudith akaingia zizini, akamkokota ng'ombe hadi uani. Jicho likichuruzika, ng'ombe akanusa kiatu cha Bwana Shauri.

Daktari alicheka mpaka akakalia kinu. Bwana Shauri hakucheka. Alisema maneno marefu ya Kijerumani, na Halfani akayatafsiri kwa ufupi: "Mfungueni huyu."

Daktari alipolitazama jicho, kicheko kikakatika. "Kinyama hiki kitakula mpaka mfupa," alisema kupitia kwa Halfani. "Jicho litolewe leo, au ng'ombe afe."

Matonya alichuchumaa. Kisha akauliza, "Atanijua?"

"Jicho la pili lipo."

Ng'ombe akaangushwa, akatiwa dawa ya ganzi. Askari mmoja alipigwa teke akaangukia kwenye samadi. Matonya alishika pembe, akimbembeleza kwa Kigogo, lakini kisu kilipogusa tu, akazimia. Yudith akamshika miguu akamvuta kando, akazishika pembe mwenyewe mpaka kazi ikaisha.

Kabla ya kuondoka daktari alieleza kwamba kope zisizo na rangi huungua juani, na maradhi huanzia hapo. Akamshauri Matonya atafute fahali mwenye weusi kuzunguka macho.

Yudith aliosha kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi, akafukuza nzi kwa moshi. Kikapona. Matonya akaazima fahali mweusi Chamwino, na mvua za mwaka uliofuata akazaliwa ndama mwenye kope nyeusi tii, kama aliyepakwa wanja. Matonya alimwinua kichwa, akamtazama jicho hili, akamtazama na lile, akaanza upya.

"Mwache anyonye," Yudith alisema.