Daftari la Pumzi ya Daktari

Kila asubuhi, kabla daktari hajashika kisu, mimi nilinusa kinywa chake. Kazi hiyo nilipewa na mkurugenzi wa hospitali, mimi Agnès, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mwanamke mwenye wajukuu. "Uliishi na mlevi miaka kumi na minne," aliniambia. "Pua yako haidanganyiki." Ni kweli. Marehemu mume wangu alikunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, mpaka ini likaoza, na harufu yake ilibaki kwenye godoro hata baada ya matanga. Nililichoma lile godoro.

Basi daktari Bulonza aliinama, akafumbua kinywa, akanipumulia usoni. Dawa ya meno, uji, usingizi wa jana. Pah! Niligeuka nikatema mate kwenye karai kila mara, naye alisubiri kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Kisha niliandika daftarini: safi. Miezi kumi na moja, safi.

Daftari hilo lilikuwa nusu tu ya sharti la kumwacha kazini. Nusu ya pili ilikuwa kikundi cha maombi kilichokutana kila Alhamisi kule mtaa wa Muhumba, nyumbani kwa jaji Léopold. Wote walikuwa watu wa kalamu walioharibiwa na chupa: jaji mwenyewe, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, bwana mmoja wa forodha. Walikuwa wameapa mbele ya padri, na kiapo kilipigwa kwa mashine: hakuna bia, hakuna divai, hakuna whisky, hakuna kanyanga. Kazini tulimwita Citoyen, yaani Raia Bulonza, maana serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo. Kule aliitwa ndugu Évariste, na nadhani alipenda kwenda kusikia jina lake tu.

Jumamosi moja Léopold alipokea wakwe waliomposa binti yake Noëlla. Nilikuwepo, nikihudumia pamoja na wanawake wengine wa mtaa. Kwetu Bushi habari ya ng'ombe wa mahari haianzi bila kasiksi, pombe ya ndizi. Mwenye nyumba huonja kwanza, watu waone hakuna sumu, kisha humpa kibuyu mtu wa heshima, na siku hiyo mtu wa heshima alikuwa daktari, msemaji wa familia ya binti. Ukikataa hapo, umemwita mwenye nyumba mchawi mbele ya watu wote.

Léopold alivuta mrija, akameza, akapangusa midomo, akanyoosha kibuyu. Daktari akarudisha mikono nyuma.

"Papa Léopold, mimi siwezi."

"Évariste, bageni beko naangalia. Unataka kutupatisha haya? Hii haiko pombe, iko heshima. Mu kiapo haimo."

Prefe aliangalia viatu vyake. Bwana wa forodha alikohoa. Karibu mwaka mzima wa zaburi na kushikana mikono, na hapakuwa na ndugu hata mmoja wa kusema: mwacheni. Daktari akavuta mrija. Mara ya kwanza kidogo, kisha akafumba macho, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Koo la namna hiyo nalijua. Jua halijazama alikuwa anaitisha kibuyu mwenyewe, shati limelowa, na wale ndugu zake wakicheka naye. Walinitia kinyaa wote.

Jumatatu, kwenye machela, alilala Rosalie, mkulima wa Bunyakiri, na rovu shingoni kubwa kama papai. Daktari aliinama kama kawaida, akapumua. Ndizi zilizochacha, na chini yake bia ya Jumapili. Sijashika kalamu bado, Léopold akaingia na suti yake ya abakosti ya kijivu, rozari mkononi.

"Maman Agnès, usiandike. Directeur atamufukuza na kikundi kitakufa. Sisi tutamuombea. Andika safi tu."

"Na shingo ya huyu maman, nani ataiombea?"

"Kasiksi haimo mu kiapo."

"Wewe juge muzima unasema hivyo! Si wewe ulimupatia?"

Akaniangalia kwa utulivu wa watu wa mahakama. "Na mimi, kile kibuyu nilipewa na nani?"

Ni mimi niliyechota ile kasiksi, nikapiga magoti, nikamkabidhi Léopold kwa mikono miwili, nikijua vizuri itaishia kwa nani. Daktari aliporudisha mikono nyuma alinitazama mimi, na mimi nikatazama mkeka. Alipomeza, nilipiga makofi na wenzangu. Safari hii sikuwa na mtu wa kumtemea mate.

"Andika, maman," daktari akasema. "Nimekunywa." Akavua joho la upasuaji, akaenda kwenye machela. "Maman Rosalie, leo sitakupasua. Mikono yangu iko natetemeka. Utangoja docteur mwengine." Rosalie akashika rovu lake kwa viganja viwili, akaitikia kwa kichwa.

Léopold alitoka bila kuaga. Nikaandika: amekunywa kasiksi. Halafu nikaongeza chini yake: aliyeileta ni mimi, Agnès. Mkurugenzi na atufukuze wote wawili kama anataka.

Mlangoni daktari aligeuka. "Kesho nitakuja saa moja."

"Utakuja kufanya nini? Hautapasua tena."

"Uninuse tu."

Kesho yake saa moja alikuwa mlangoni, hajanyoa, kinywa wazi. Alinuka vibaya kuliko jana. Nilinusa mpaka mwisho, na sikutema mate.