Kipimo cha Siku Moja

Bosi wangu anapenda kusema haraka haraka haina baraka. Aseme tu, si yeye anayekaa jirani na kile kiwanda cha betri kilichofungwa. Dada yangu ndiye anayekaa pale, ukuta kwa ukuta, na binti yake wa miaka miwili anashinda uani akichezea udongo.

Mimi ni fundi wa kupima udongo. Utaratibu wetu ni ule ule wa miaka nenda rudi: chimba, funga sampuli, tuma maabara kuu, subiri miezi mitano. Mwaka mzima niligombana na wakubwa waturuhusu kutumia kipimo cha mkononi, kile unachokibandika ardhini kama pasi na jibu unalipata chai haijapoa. Walicheka, mmoja akaniita Bi Mashine. Mwishowe wakasema haya, tujaribu sehemu moja: nipime kwa kipimo changu, nichimbe na sampuli za maabara, kisha tulinganishe. Sharti lilikuwa moja. Mpaka majibu ya maabara yarudi, mahali pasiguswe na wenyeji wasiambiwe, wasije wakazoa udongo wakaharibu jaribio.

Kwa kimbelembele changu, nikachagua uani kwa dada. Nilitaka pawe pa kwanza kusafishwa.

Siku ile ile niliyopima, kipimo kikasoma madini ya risasi mara tisa ya kiwango cha usalama. Nikampigia bosi, nikamwomba angalau tuweke uzio. Akasema nikivunja sharti kipimo kitatupwa, na mitaa mingine yote itaendelea kusubiri. Nikaona ana hoja, Mungu anisamehe. Dada alinipa chai, akauliza tumeona nini, nikamwambia bado tunapima. Nilimnawisha mtoto mikono mara tatu, dada akanitania kwamba mama mdogo siku hizi ana kinyaa.

Majibu yalirudi baada ya miezi sita, wala si mitano. Mara tisa, vile vile. Wakubwa wakanipa mkono, kipimo kikaingia kwenye mwongozo, na yule wa Bi Mashine akataka tupige picha. Nilitabasamu, mjinga mimi.

Barua ya majibu nikaipeleka mimi mwenyewe kwa dada. Nilimkuta ndio kwanza ametoka hospitali. Mtoto alikuwa ameanza kuacha maneno aliyokwisha kuyajua, na daktari ameona risasi kwenye damu. Dada akaisoma barua mpaka chini, penye tarehe ya kipimo cha kwanza.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya chai."

Hakunitukana, na heri angenitukana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini niliyengoja ni mimi na tumbo halikuwa langu. Mtoto aliponiona alinyoosha mikono, akafungua kinywa kuniita mama mdogo kama alivyozoea. Alihangaika na neno, halikutoka. Dada akambeba akaingia naye ndani, akafunga mlango kwa komeo.