Mninga Uliomwinamia Generosa

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, usaili wa nafasi ya msimamizi wa mizinga ulifika kwenye kipengele cha tano: kupanda mti. Waombaji walikuwa wanne. Wanaume watatu walikuwa wameshapanda na kushuka, mmoja akiwa amechanika suruali, na sasa walikaa kwenye nyasi za msitu wa Busunzu wakinywa maji. Wa nne alikuwa Generosa, mwenye miaka kumi na moja ya kazi kwenye chumba cha kuchujia asali, na siku hiyo alikuwa amevaa suruali ya mumewe ndani ya kitenge.

Kipengele cha tano hakikuwapo kwenye tangazo la kwanza. Meneja Makarius alikiongeza siku alipoona jina la mwanamke kwenye orodha. Kampuni nzima ililijua hilo na hakuna aliyelisema. Katika vijiji vile wanawake hawapandi kwenye mizinga tangu enzi za mababu, na anayetaka kumnyima mwanamke kazi bila kumwambia hapana hana haja ya kuhangaika. Anamwonyesha mti.

Generosa alivua kitenge, akakikunja, akakiweka chini. Akashika gome la mninga. Mninga ukainama. Uliinama polepole, ukilia kama mlango wa ghala, hadi mzinga uliokuwa juu kabisa ukawa usawa wa kiuno chake. Nyuki hawakusumbuka. Generosa alifungua mzinga, akachungulia masega, akasema asali ile bado wiki tatu, akafunga. Alipoondoa mkono, mti ukarudi juu.

Makarius alitazama karatasi yake.

"Hujapanda, mama."

"Nimefika kwenye mzinga, bosi."

"Hapa pameandikwa kupanda. Jaribu mwingine."

Generosa akaenda kwenye mti wa mtundu uliokuwa jirani. Safari hii alikimbia, akaruka, akidhani ataudaka kabla haujapata nafasi ya kuinama. Mtundu ukalala haraka kiasi kwamba Isack, mmoja wa wale watatu, ilibidi avute pikipiki yake pembeni. Mwombaji mwingine alilalamika kwamba sasa wamekosa kivuli. Makarius akaandika sifuri, akaipigia mstari, akatangaza kwamba usaili umekwisha.

Generosa alikasirika, tena sana. Miti hakuikasirikia, kwa sababu miti ilikuwa imefanya ilichoweza.

Kazi akapewa Isack, kijana mwenye adabu na miguu mizuri ya kupandia, ambaye Generosa mwenyewe alimfundisha kutambua asali iliyoiva kwa kuifikicha kati ya vidole viwili. Barua ya Generosa ilisema amekosa nafasi "kwa kushindwa kukidhi sifa ya kupanda". Mwezi haujaisha, Isack akarina mapema. Madumu manane yakaumuka, vifuniko vikaruka chumba kizima, na harufu ya pombe ikafika hadi barabara ya Kibondo. Makarius akamwita Generosa.

"Kuanzia kesho utaongozana na Isack msituni. Wewe unamwambia ipi imeiva, unashika miti, yeye anarina."

"Kwa cheo gani?"

"Cheo chako hichohicho."

"Cheo changu ni kuchuja. Nipe usimamizi, bosi, nitaishika hiyo miti hadi jioni."

"Acha ubishi, mama. Mambo ya cheo yalishakwisha."

"Basi mimi nachuja," Generosa alisema, akarudi kwenye kitambaa chake na ndoo zake.

Kampuni ikamnunulia Isack ngazi ya bati. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume aliyepanda mti Busunzu. Waliegemeza ngazi, wakakwea kwa viatu vyao vya ofisini, wakashuka. Kipengele cha tano kikabaki kwenye masharti ya kazi kama kilivyokuwa.

Aliyeshindwa kulimeza hilo ni Zuhra, mtunza ghala, aliyezaliwa kwenye duka la baba yake mjini Kasulu na asiyeogopa karatasi yoyote duniani. Alikuja chumba cha kuchujia na kijitabu alichopewa kwenye semina ya chama cha wafanyakazi.

"Mwakeye, Mama Herieth," alimsalimia Generosa kwa Kiha, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mwakeye."

"Hiyo ngazi umeiona?"

"Nimeiona."

"Na umekaa kimya. Haya, sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha saba. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa jinsia yake, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Akisema ile sifa ni lazima, ni yeye wa kuthibitisha kwamba kazi haifanyiki bila hiyo. Si wewe. Ni yeye."

"Sina wakili, Zuhra."

"Fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haitaki wakili, inataka kalamu. Halafu una siku sitini tu tangu ile barua, na arobaini na moja umeshazila."

Generosa alifuta mikono. Alijaza fomu palepale juu ya pipa. Nakala moja akampelekea Makarius mwenyewe, akasubiri amsainie kwamba ameipokea, na Makarius alipomwambia aiache tu mezani, akasema hana haraka, akavuta kiti.

Usuluhishi ulifanyika Kasulu, kwenye chumba cha kuazima chenye meza moja na dirisha moja. Mpatanishi alikuwa mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma. Generosa alipoanza kueleza, mkaratusi uliokuwa uani uliinama ukaingiza matawi dirishani, majani yakatanda juu ya mafaili. Mpatanishi akayasogeza kwa mkono, akamwomba aendelee.

"Sisi hatujambagua mtu," Makarius alisema zamu yake ilipofika. "Tulimpa miti miwili. Miti ndiyo iliyomnyima nafasi ya kupanda."

"Msimamizi anafanya kazi gani kwenye mti?" mpatanishi aliuliza.

"Anakagua mzinga."

"Huyu mama aliukagua?"

"Aliukagua akiwa chini."

"Na huyo mliyemwajiri anapanda?"

"Ana ngazi."

"Kwa hiyo kupanda ni lazima kwa nani?"

Makarius aliyatazama majani mezani. Hakuwa mtu wa kusema uongo mbele ya serikali.

"Mheshimiwa, kwetu mwanamke haendi kwenye mzinga. Basi."

Mpatanishi akaliandika hilo neno kwa neno. Akauliza kama kampuni iko tayari kurudia usaili bila kipengele cha tano. Makarius akasema kampuni haiko tayari. Akauliza kama Generosa yuko tayari kuliacha shauri.

"Hata kidogo," Generosa alisema.

Mpatanishi akatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na shauri likapelekwa hatua ya uamuzi. Tarehe wataambiwa. Mkaratusi uliwasindikiza hadi kituo cha magari, ukiwa umeinama njia nzima, na kondakta akamwomba Generosa apande upesi kwa sababu matawi yanakwaruza gari.

Huu ni mwezi wa saba sasa tangu siku hiyo. Tarehe haijatoka. Isack bado ni msimamizi, ngazi bado iko, na tangazo jipya la kazi lililobandikwa wiki iliyopita lina kipengele cha tano. Miti ya Busunzu huinama Generosa akipita kwenda kazini na kusimama akishapita, na wenye baiskeli wamezoea kumsubiri.

Kila asubuhi anafika wa kwanza na kufungua daftari la mahudhurio. Anaandika jina lake, na kwenye safu ya cheo anaandika: Msimamizi wa Mizinga. Saa mbili Makarius anafika, anachukua rula na kalamu nyekundu, anayakata yale maneno na kuandika juu yake: Mchujaji. Generosa anasubiri amalize na rula yake, anamsalimia, kisha mbele ya macho yake anaandika tena.