Sabufa ya Mheshimiwa Mtarajiwa

Karakana ile ilikuwa na mafundi wawili, na kila gari lililoingia lilitengenezwa nusu nusu. Upande wa kushoto ulikuwa wa mume wa Mama Viti, upande wa kulia ulikuwa wa kaka yake. Mpaka ulipita katikati ya boneti, ukapanda kioo cha mbele, ukateremkia kwenye buti, na ole wake aliyeuvuka. Wateja waliwaita Fundi Kushoto na Fundi Kulia, nao walikwisha kuyazoea majina hayo kiasi kwamba ukiwaita kwa majina ya kuzaliwa hawageuki.

Utaratibu huo ulianza mwenye karakana alipofariki. Alikuwa baba mzazi wa Mama Viti na kaka yake, na baba mkwe wa yule mwingine, na alikufa bila kusema nani awe mkubwa. Kaka alisema yeye ndiye damu. Mume alisema yeye ndiye aliyelala chini ya magari miaka yote damu ilipokuwa inazurura. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikuwa mafahali wasio na zizi lingine la kwenda, basi wakagawana magari. Matokeo yake mtu alitoka pale taa ya kushoto ikimulika barabara na ya kulia ikimulika ndege. Ukilalamika, kila mmoja alikuhakikishia kwamba upande wake uko sawa, na mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Mama Viti mwenyewe hakuwa na upande. Alishona viti vya magari, na cherehani yake ilikaa katikati, mbele ya dirisha, mahali baba yake alipoiweka kwa mikono yake. Hapo alipokea mashtaka ya pande zote mbili, na jioni alipika chakula kilicholiwa na pande zote mbili kwa kununa. Zamani "shemeji" lilikuwa neno tamu nyumbani kwao. Siku hizi walilitamka kama watu wanaotema mbegu.

Halafu akaja Mheshimiwa. Hakuwa mheshimiwa bado. Uchaguzi wa diwani ulikuwa mbele, naye alikuwa mmoja wa wagombea, ila aliomba aitwe hivyo mapema ili azoee. Alikuja na gari refu lenye picha yake mlangoni, picha iliyotabasamu kwa meno mengi kuliko aliyokuwa nayo, na alitaka sabufa.

"Mbili," alisema. "Kubwa. Nikipita mtaani nataka mwananchi anisikie hapa." Akajipiga kifuani.

"Si masikioni?" aliuliza Mama Viti, macho yake yakiwa kwenye kitambaa.

"Uchaguzi uliopita walinisikia masikioni, mama. Unajua nilipata kura ngapi?"

Hakuna aliyetaka kujua. Mheshimiwa alisema akiridhika na gari hili ataleta magari yake yote ya kampeni, na tangu msiba karakana haikuwa imeona kazi kubwa namna hiyo. Basi mashemeji wale walikubaliana jambo moja, la kwanza baada ya muda mrefu: kazi hii ikiharibika, wanaachana. Fundi Kushoto atahamia ng'ambo ya soko akafungue karakana yake, Fundi Kulia atabaki. Walilisema mbele ya Mama Viti kwa utulivu, kama watu wanaopanga safari, na hakuna aliyemuuliza cherehani itakwenda wapi. Yeye alijiuliza siku nzima. Akimfuata mumewe, kaka yake atamwona kwenye misiba tu. Akibaki dirishani, ndoa imekwisha. Alikuwa anaogopa, na hofu ile ilimfanya ashone vibaya.

Boksi likatengenezwa, pana la kujaa buti zima, lenye matundu mawili. Fundi Kushoto akafunga spika ya kushoto, Fundi Kulia akafunga ya kulia, kila mmoja akivuta nyaya zake mwenyewe kutoka kwenye amplifaya, wakiwa wamepeana migongo kadiri buti la gari linavyowaruhusu watu wazima wawili kupeana migongo. Fundi Kushoto aliunga waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, kama ilivyochorwa kwenye karatasi iliyokuja na spika. Fundi Kulia hakuigusa karatasi; yeye hapo aliunga mweusi. Baba alimfundisha kwamba waya mweusi ndio wa kwanza, na marehemu hakosolewi.

Wakawasha. Muziki ukatoka, sauti za juu zikalia vizuri kabisa, lakini besi haikuwepo. Ilikuwa kama mtu anagonga godoro nyumba ya jirani.

Ndipo uchunguzi ukaanza. Fundi Kushoto alijaribu spika yake peke yake, ya kulia ikiwa imechomolewa. Ikanguruma. "Mnaona?" alisema. Fundi Kulia naye akajaribu ya kwake peke yake, ikanguruma vilevile. "Mmesikia?" Wakaziunga zote mbili, besi ikafa. Kila mmoja sasa alikuwa na ushahidi kamili kwamba ubovu uko kwa mwenziwe.

Walibadilisha fyuzi. Walikaza waya uliofungwa kwenye bodi. Walilaumu betri, wakaazima betri nyingine, wakailaumu na hiyo. Walipaka gundi kwenye maungio ya boksi, kila mmoja nusu yake, wakaacha ufa katikati ambao haukuwa wa mtu, mpaka Mama Viti akaja kuumalizia. Fundi Kushoto alizungusha vitufe vya amplifaya vyote hadi ikapata joto la kupasia nguo. Besi ilikuwa palepale, inagonga godoro.

Mwishowe Mama Viti alichoka. Alimpigia simu muuza spika, akaweka sauti ya juu, akailaza simu juu ya boneti, katikati kabisa, pasiwe na maneno.

"Mkizipiga moja moja?" aliuliza muuza spika.

"Zinanguruma," walijibu wote wawili.

"Basi zinapingana. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, zinafutana. Mmefunga nyaya kinyume. Mmoja abadilishe nyaya mbili za spika yake, huu uende pale, ule uje hapa, kazi imekwisha."

"Aliyekosea ni nani?" aliuliza Fundi Kulia.

"Hakuna aliyekosea, bwana. Zikishaelekea upande mmoja zitapiga, upande wowote ule. Ageuze yeyote."

Hilo "yeyote" ndilo lililoharibu mambo. Angesema fulani, fulani angenuna, halafu angegeuza. Lakini yeyote hakuwa fundi wa karakana ile.

"Shemeji, geuza," alisema Fundi Kushoto. "Mimi nimefuata karatasi."

"Mimi nimefuata baba. Karatasi haikujenga karakana hii."

"Baba angekuwa hai angegeuza."

"Baba angekuwa hai, usingekuwa unamsemea."

Mmoja alikwenda kukaa juu ya tairi upande wake, mwingine akakaa juu ya tairi upande wake, na buti likabaki wazi katikati yao. Mheshimiwa alikuwa amesema atakuja alasiri. Mama Viti alirudi kushona kapeti la kufunika boksi, akaukunja mshono, akaufumua, akaukunja tena.

Mchana Fundi Kulia alipokwenda bombani kunawa, mume alimjia mkewe kwa kunyata, akainama kama mtu aliyeangusha kitu chini ya cherehani.

"Nimegeuza," alinong'ona.

"Umegeuza nini?"

"Nyaya zangu. Si kwamba nilikosea, unielewe vizuri. Nimekuona unavyofumua, nikasema basi. Lakini kaka yako asijue. Akijua sitakula kwa raha tena kwenye nyumba hii."

Mama Viti alimtazama mwanamume yule mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, akampenda sana. Akaapa kwamba hatasema.

Mume akaenda dukani kununua soda. Hajafika hata mlango wa duka, kaka akatokea bombani, mikono inachuruzika, akapitia kwenye buti, akainama humo kidogo, kisha akaja dirishani.

"Dada, usicheke."

"Sijacheka."

"Nimezigeuza nyaya zangu. Baba anisamehe. Nimefikiria, ukihama hapa, nani atanigombeza? Ila shemeji asijue. Ukimwambia, mimi na wewe tumekwisha."

Akampenda na huyo, akaapa tena. Alikuwa na furaha iliyomshonesha upande mzima wa kapeti bila kufumua, na alikuwa amefika kwenye kona ndipo akili ilipomfikia. Mume kageuza. Kaka kageuza. Watu wawili waliopeana migongo wakigeuka wote, huonana. Spika hazina adabu hiyo.

Alikuwa bado anatafuta namna ya kusema bila kusema, honi ya teksi ikalia nje. Mheshimiwa alikuwa amewahi.

"Haya," alisema akiingia, "nitikiseni."

Fundi Kushoto alimtazama shemeji yake kwa huruma ya mtu anayejua jambo. Fundi Kulia alimtazama shemeji yake kwa huruma ileile. Wote wawili wakatabasamu, wakawasha.

Godoro.

Tabasamu zilianguka kwa pamoja. Sasa kila mmoja alijua kwa hakika kitu asichoweza kukitamka, kwamba yeye amejishusha, amegeuza, na bado haifanyi kazi, kwa hiyo shida ni yule mwingine toka mwanzo hadi mwisho. Mheshimiwa alikuwa amesimama na kiganja kifuani, anasubiri.

"Nausikia moyo wangu tu," alisema. Simu yake ikaita, akatoka nje kumwahidi mtu barabara.

"Tumemalizana," alisema Fundi Kushoto. "Kesho nahama."

"Kwa nini kesho? Jua bado lipo."

"Mke wangu, kusanya vitu vyako."

"Dada, usiguse kitu."

Wakaendelea hivyo mbele ya boneti, kila mmoja akimtaja Mama Viti bila kumtazama. Yeye alichukua kapeti begani na bisibisi mezani, akaingia kwenye buti. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kapeti ni kazi yake. Mbele yake palikuwa na spika mbili, ya mume na ya kaka, na alijua kwamba atakayoigusa atakuwa amemhukumu aliyeifunga. Hakutaka kuchagua. Ila mguu wake mmoja ulikuwa umebanwa na kapeti, na mkono ulifika kwenye ya kulia tu. Angetanguliza mguu mwingine angegeuza ya mumewe, na Mungu ni shahidi. Akalegeza skrubu mbili, akahamisha nyaya mbili, akakaza.

"Jaribuni tena," alisema akitoka.

"Tujaribu nini?"

"Mteja hajaondoka. Jaribuni."

Fundi Kushoto aliwasha kwa kumkomoa tu. Besi ikaja. Mabati ya paa yalitetemeka, spana zikadondoka misumarini moja baada ya nyingine, vumbi la enzi za marehemu likateremka kutoka kwenye boriti na kuwapaka wote. Mheshimiwa alirudi mbio, mkono kifuani, machozi yanamlenga.

"Wekeni hotuba," aliomba.

Wakaweka hotuba yake. Ndani yake palikuwa na ahadi ya maji, pengine na ya shule, lakini zote zilizama kwenye besi.

"Maneno hayasikiki," alisema Mama Viti.

"Naam," alisema Mheshimiwa kwa furaha. "Safari hii nitashinda."

Akaahidi kuyaleta magari mengine yote wiki ijayo, akaondoka polepole, mbwa wakibweka na vioo vya madirisha vikigonga mtaa mzima.

Walipobaki wenyewe, Fundi Kushoto alishindwa kujizuia. "Shemeji, sitaki kukuficha," alisema. "Besi tuliyoisikia pale ni kazi yangu. Niligeuza mimi."

"Uligeuza wewe lini? Niligeuza mimi, nilipotoka bombani."

"Mimi niligeuza wewe ukiwa bombani."

"Basi ulichelewa."

"Nimechelewaje na nilikutangulia?"

Sauti zilianza kupanda upya. Mama Viti akasimama. Alikuwa amewaapia wote wawili, lakini siri walikwisha kuitoa wenyewe.

"Mligeuza wote," alisema. "Mkigeuza wote, ni sawa na hakuna aliyegeuza. Nimegeuza mimi. Nilipoingia na kapeti."

Fundi Kushoto alimtazama Fundi Kulia. Fundi Kulia alimtazama Fundi Kushoto. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, wakacheka pamoja.

"Shemeji, umemsikia dada yako?"

"Nimemsikia mke wako."

"Amegeuza na kapeti."

"Kumbe dawa ilikuwa kapeti. Na sisi tunahangaika na betri za watu."

Fundi Kushoto alicheka mpaka akavuka kwenda upande wa kulia wa karakana, akamshika shemeji yake bega asije akaanguka. Walipopata pumzi walikubaliana kwamba besi inataka mafundi wawili wenye nia moja, na kwamba magari ya Mheshimiwa watayafanya pamoja, toka boneti hadi buti. Kisha wakaenda dukani kunywa soda, bado wanasimuliana habari ya kapeti, na barabarani kaka alikuwa amemshika mume mkono.

Mama Viti alikaa kwenye cherehani. Alikuwa na hasira ya kweli, ya kumtoa mtu machozi, na alitafuta la kuwaambia watakaporudi. Akawasikia wanacheka huko dukani. Hakuna aliyekuwa anahama. Alikuwa amepata kila alichokitaka, na akawaza kwamba akitaka haki yake itabidi awagombanishe upya. Akauma midomo, akakanyaga cherehani.