Shubiri Tatu za Zambarau

Katika parokia ile, kitambaa cha altare hakikukatwa mpaka Mama Funguo asimame pale pale, akitazama mkasi unavyoingia. Hiyo ilikuwa sheria yake, na sakristia, chumba cha vifaa vya ibada, ilikuwa mikononi mwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alitembea na funguo kumi na moja kiunoni, ukamsikia kabla hujamwona. Mafundi cherehani wa mtaa mzima alikuwa ameshawajaribu na kuwaacha. Fundi na kitambaa, alizoea kusema, ni paka na samaki: unampa mita nne za pazia, anakuletea pazia, na Jumapili unamwona mwanawe na kaptura ya rangi ile ile.

Mwaka huu alimchagua msichana aliyeshonea chumba cha nyuma ya duka la vyombo. Wateja walimwita Bubu, ingawa alisema vizuri akilazimika. Huyu, Mama Funguo alimwambia padre, hata mbu humwomba radhi kabla ya kumpiga.

Kitambaa kilikuwa cha zambarau, kipya, cha Majilio, zile Jumapili nne za kumngojea Mtoto kabla ya Krismasi. Walikipima pamoja juu ya altare, kishuke hadi chini kulia na kushoto, wakakikata. Hakikubaki hata cha kufutia miwani. Kazi ya Bubu ilikuwa kupiga pindo na kutia utepe wa dhahabu.

Alifurahi, ila hakumwambia mtu. Shule aliiachia darasa la tano, mama yao alipofariki. Kanisani alikaa benchi la mwisho, hakusoma mbele wala hakuimba, akiamini kwamba Mungu ni wa watu wanaojua kusema. Sasa mikono yake ingemsemea. Kila mshono aliutilia neno moja la sala, polepole, na kwa mara ya kwanza maishani alijiona anasogea.

Jambo moja tu aliliweka kando. Dada yake mkubwa, ambaye aliishi naye pamoja na shemeji yake huko huko nyuma ya duka, alikuwa mjamzito, na siku zake ziliangukia wiki ya Krismasi. Dada alitania kwamba mwanawe ana makuu, anataka kugombea siku na Yesu. Alimwomba mdogo wake vigauni viwili na blanketi dogo lenye pindo. Kila alipomkumbusha, Bubu alijibu kwamba akimaliza la kanisa ataanza la mtoto. Dada akacheka. Haya, alisema, Mungu kwanza, mwanao atavaa magazeti.

Uchungu ulikuja kabla ya wakati, Jumatano jioni. Alfajiri ya Alhamisi, zahanati, alizaliwa mtoto wa kiume, mzima wa viungo, nywele kichwani, kucha zote vidoleni. Hakulia. Mkunga alimpigapiga, akampulizia, akamgeuza, kisha akamlaza.

Shemeji alirudi nyumbani peke yake. Alisimama mlangoni pa chumba cha cherehani, mikono mbele kama mtu aliyepokonywa alichobeba.

"Shemeji," alisema, "wanataka nguo ya mtoto."

Bubu alitazama huku na huku. Ukutani zilining'inia suruali na sketi za watu. Magauni yake mwenyewe yalikuwa mawili, yamepauka kwapani. Shuka za dada zilikuwa na viraka, vya mkono wake yeye mwenyewe. Maduka yalikuwa hayajafunguliwa. Chumbani mle kitu kipya kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimelala juu ya mashine.

Alipima shubiri tatu kutoka upande wa kushoto, akakata.

Zahanati alimfunga mtoto mwenyewe, dada akitazama kutoka kitandani. Shubiri tatu zilikuwa kidogo. Alivuta juu, alivuta chini, bado nyayo zikachungulia nje. Alitamani angekata ya nne, lakini alikuwa ameogopa.

Walimzika kabla ya adhuhuri. Majirani walikuja, wakaketi, wakasema yanayosemwa: bado ni kijana, atapata mwingine, afadhali hakumzoea, hata jina hakuwa nalo. Mjomba wao aliagiza mtoto asitajwe mbele ya mama yake, ili asahau upesi. Jioni nyumba ilikuwa kama ilivyokuwa wiki iliyopita. Ila kesho yake maziwa yalimjia dada, yakalowanisha gauni mpaka kiunoni. Maziwa hayakuwa yamepata habari.

Jumamosi asubuhi Bubu alikikunja kitambaa, akaenda nacho kanisani. Njia nzima hakuwaza Mama Funguo atasema nini. Aliwaza kwamba kwa wiki mbili alikuwa anasogea kwa Mungu, na alipofika mlangoni akaiba. Mtu wa namna hiyo hurudi vipi?

Mama Funguo alikitandaza juu ya altare. Kulia kilifika chini sawasawa. Akazunguka kushoto, na funguo zikanyamaza. Akapima kwa mkono wake: shubiri moja, mbili, tatu.

"Kimekwenda wapi?"

Bubu aliinama. "Amekwenda nacho mtoto wa dada."

Habari za msiba zilikuwa zimeshafika, kwa hiyo Mama Funguo hakuuliza mtoto gani. Aliuliza jingine.

"Wewe huna hata gauni lako?"

"Ninalo, mama. Ni kuukuu. Sikutaka aende na kitu kuukuu. Nguo zake mimi ndiye niliyezichelewesha."

Basi akafokewa. Sheria ni sheria. Altare si jamvi la kila mtu kujikatia. Angekuja kugonga mlango, hata alfajiri, angefunguliwa, kwani funguo hizi ni za mapambo? Bubu aliyapokea yote. Lakini sauti ya mama yule ilizidi kushuka kadiri alivyosema, mpaka ikabaki mikono yake tu, inalainisha kitambaa ambacho hakikuwa na kunyanzi. Kisha akashika ncha mbili, akaanza kukivuta kuelekea katikati.

"Tukikivuta hivi," alisema bila kumtazama, "kila upande unapungua kidogo. Hakuna atakayejua."

Bubu aliweka kiganja juu ya kitambaa. Hakuwa amewahi kuuzuia mkono wa mtu mzima.

"Naomba usikivute, mama."

"Watakuita mwizi."

"Waniite. Nyumbani wanasema tusimtaje. Hapa angalau pataonekana kwamba kuna mtu hayupo."

Mama Funguo alizitazama ncha mikononi mwake. Kisha akaachia.

"Mimi sikusamehe," alisema. "Kitambaa hakikuwa changu. Mwenyewe yupo, sema naye."

Akatoka. Bubu alikilaza kitambaa kilivyokuwa, akaenda zake.

Jumapili mshumaa wa kwanza uliwashwa. Upande wa kulia zambarau ilishuka mpaka chini, imenyooka. Upande wa kushoto iliishia katikati, na chini yake ulionekana mti mtupu wa altare, mweusi kwa miaka. Minong'ono ilianza mabenchi ya kati. Kumbe Bubu naye ana mkono mrefu. Mwingine akasema tumngoje Krismasi, tutaliona gauni. Walicheka nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mama Funguo, aliyekaa mbele, aligeuza shingo tu, na wale wawili wakakumbuka kufungua ukurasa.

Padre alisema kwamba huu ni wakati wa kungoja. Bubu aliwaza kwamba nyumbani kwao walikuwa wamengoja vizuri sana, walihesabu hata wiki. Alitafuta yale maneno aliyokuwa akiyatia kwenye mishono, hakuna lililokuja. Basi akautazama ule mti mtupu. Akautazama mpaka ukafifia machoni. Na bila kupanga, midomo yake ikaanza.

"Kipande chako anacho yeye," alimwambia Mungu. "Miguu yake ilibaki nje. Mfunike."

Uzito haukupungua. Ila alijua kwamba amesema, na kwamba aliyeambiwa alikuwa karibu, kwa kuwa alisema kwa sauti ndogo mno.

Nyumbani alimkuta dada amelala, uso ukutani, kama alivyomwacha. Alimwekea maji. Alikuwa anageuka ili atoke, dada alipouliza, sauti imekauka kwa siku tatu za kutosema:

"Kitambaa kilikaaje?"

Bubu alirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kimepungua. Panaonekana."

Dada aliugeuza uso kutoka ukutani.

"Upande gani?"

"Kushoto."

Mkono wa dada ulitoka chini ya shuka, ukamtafuta, ukamshika.

"Jumapili ijayo unisaidie kutembea," alisema. "Tukae kushoto."