Bosi Ametulia

Mama yangu hana baya na mtu, ila akishaamini jambo lake, hata ulie machozi ya damu hageuki. Alipopata mafua wiki ile aliendelea kumbeba mjukuu wake shavu kwa shavu. Alisema ni mafua tu.

Mjukuu mwenyewe tulimwita Bosi, maana hata miezi mitatu hajafikisha, lakini akilia wote tunasimama wima. Mafua yakamhamia, kikohozi kikafuata. Wifi yangu akataka kumpeleka hospitali. Kaka yangu, fundi seremala, akamwambia aache presha, vidonge vya rangi mbili vilivyombakia alipong'olewa jino bado vipo. Mama akafungua kimoja, akakoroga unga wake kwenye maji ya sukari, akamnywesha.

Kesho yake Bosi akanyamaza. Mama akanipigia simu saluni kunitambia kwamba dawa imemkubali, mtoto ametulia, hata ziwa haulizi. Nikamwacha mteja na nywele nusu kichwa. Mtoto asiyeuliza ziwa ametulia vipi, jamani?

Nilimkuta kitandani, mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, midomo imepauka. Mama akaninong'oneza nisimwamshe. Nilimnyakua bila kumjibu, maana ningemjibu ningemtukana mama yangu mzazi.

Wodini walimwekea oksijeni puani. Nesi akatueleza taratibu kwamba mafua huletwa na virusi: mtu mzima vinamtoa kamasi, mtoto mchanga vinamziba vijinjia vya hewa ndani ya mapafu. Vidonge vile ni vya bakteria, kwa virusi havifui dafu. Dawa ya kuviua hawakuwa nayo. Wangemsaidia kupumua na kumpa maziwa kwa mpira, mpaka mwili wenyewe upambane.

"Sasa mbona alitulia?" kaka akauliza.

"Alikuwa amechoka kupumua."

Kaka, mwanaume mzima, akashika mkono wa nesi akiomba sindano, yoyote ile. Mama alikaa kwenye benchi la nje na leso yake, na hakuna aliyemwendea. Nilimhurumia, na nilimchukia.

Jioni daktari alikuja, akamsikiliza Bosi kifua kwa muda mrefu, kisha akatuambia tusitegemee sana.

Wifi akamwinamia mwanawe. "Lia, Bosi," akamwambia. "Tugombeze basi, baba."

Bosi alikuwa ametulia vilevile.