Kipepeo Aliyechuja Rangi

"Inatangazwa kwa umma wote wa Kasoli na vitongoji vyake kwamba Mheshimiwa Dastan, mwanasayansi wa kidato cha tatu, amegundua kipepeo ambaye jicho la binadamu halijapata kumwona!"

Umma wenyewe ulikuwa kuku wawili na dada yake, Lukresia, aliyekuwa anapepeta mchele.

"Mheshimiwa, maji yameisha mtungini," alisema Lukresia bila kuinua macho.

Dastan hakuudhika. Tangazo halikuwa la dada, lilikuwa la mume wa dada: Mwalimu Mayala, aliyekuwa ndani akibadilisha filamu. Mayala alikuwa mpole kiasi kwamba hata mbuzi walimdharau. Tangu mvua za kwanza zilipolowesha pori la migunga nyuma ya nyumba, alikuwa harudi ila kula. Alishinda huko na kamera, akiwavizia vipepeo wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi kama ya chui, wanaocheza juu ya michongoma penye mwanga na hawatulii hata kidogo. Soko huria lilikuwa limekwisha kuleta wanunuzi binafsi wa pamba. Sasa lilikuwa limeleta kampuni ya utalii mjini Bariadi, nayo ilitafuta mtu wa kuwaongoza wageni kutazama ndege na wadudu. Meneja alitaka picha. Mayala hakuwahi kutaka kitu kama alivyoitaka kazi ile. Hata usingizini, kwa ushahidi wa Lukresia, alinong'ona, "Tulia. Tulia."

"Yuko wapi?" aliuliza sasa, akitoka na kiatu kimoja.

"Nifuate, wewe uliyetuletea ng'ombe wa mahari mwenye pembe moja."

"Na dada yenu mlimleta anakoroma," alijibu Mayala, akivaa kiatu cha pili.

Hivyo ndivyo walivyozungumza siku zote. Shemeji ni mtani, na Dastan, kila likizo aliporudi kutoka bweni, aliutumikia utani huo kwa uaminifu mkubwa. Safari hii alikuwa amenunua dukani kwa Khatibu kalamu nene nyeusi ya kutoka ng'ambo, iliyoandikwa ubavuni kuwa wino wake haufutiki. Alikata mabawa kwenye jalada la daftari la rangi ya chungwa, akatia madoa, akaongeza mawili yenye umbo la moyo ili sayansi nayo ipate kazi, kisha akayabandika kwa utomvu kwenye tawi la mchongoma. Mpango ulikuwa mfupi: Mayala apige picha moja, aguse, atukane, wacheke wote wawili.

Lakini Mayala hakugusa. Kwake kipepeo haguswi wala hasogezwi. Alilala kifudifudi kwenye tope.

"Ametulia," alinong'ona. "Dastan, ndugu yangu, ametulia!"

Dastan, nyuma ya mgunga, alikuwa na kicheko mdomoni. Akakitafuna. Ngoja kidogo, alijiambia, kiive.

Mvua ikashuka. Mayala akavua koti, akalitandaza juu ya matawi kama paa, akabaki na shati linalotiririka maji, akipiga picha mpaka filamu ikaisha. Kisha akarudi nyumbani bila koti.

"Nimemwachia," alisema, meno yakigongana. "Mabawa yakilowa sana hataruka."

Jioni homa ilimshika. Dastan alikwenda porini peke yake, akabandua karatasi, akaikanyagia topeni, akarudi na koti.

"Ameruka salama?" Mayala aliuliza chini ya blanketi.

"Salama, shemeji."

Hapo ndipo utani ulipokwisha na kitu kingine kikaanza, ambacho hakina jina zuri.

Picha zilirudi kutoka Mwanza siku moja kabla ya kuonana na meneja. Mayala alizipanga kwenye mkeka. Wale vipepeo halisi wa madoa ya chui walikuwamo, mmoja amekunjua mabawa juani vizuri ajabu, lakini juu ya wote aliwekwa yule wa mioyo.

"Nitamwambia meneja anaitwa Kipepeo wa Dastan," alisema. "Na kesho twende wote. Wewe ndiye shahidi wangu."

Dastan aliutazama mkeka kana kwamba aliusuka yeye.

Lukresia aliokota picha ya mwisho. "Mume wangu, vipepeo wa huku wanachuja?"

"Wanachuja nini?"

"Rangi. Kama khanga mpya. Tazama, jani lote la chini jeusi."

Mayala aliipeleka dirishani. "Labda ni ule unga wa mabawa," alisema polepole. "Dastan alikuwepo. Si ndiyo, Dastan?"

Macho ya Dastan yalikimbilia ukutani. Pembeni ya ukuta lilikuwa sanduku lake la shule, na juu ya kifuniko chake, kwa herufi kubwa za kalamu ile ile nene, MHE. DASTAN, pale paa lilipovuja. Kila herufi ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Lukresia aliiweka picha kando ya herufi hizo.

"Gashi!" alisema. Kumbe.

"Ulikuwa utani tu, shemeji," Dastan alisema.

"Mtani hunichekea usoni. Wewe ulinichekea wapi?" aliuliza Mayala.

"Nyuma ya mgunga." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya tangazo lolote. "Ni jalada la daftari. Nilitaka kukwambia, kisha ukavua koti, nikashindwa. Na hakuruka. Nilimbandua, nikamkanyaga. Uliponiuliza, una homa, nikakudanganya."

Mayala aliitoa ile picha juu ya nyingine, akaigeuza uso chini, kisha akamwinua yule chui aliyekunjua mabawa juani, akamtazama kwa shaka.

"Na huyu?"

"Huyo ni wa kweli, shemeji."

Akainua mwingine. "Na huyu?"